Edwin Ekiring, Mtangulizi Asiye na Nishani

Katika makambi ya jeshi na vituo vya polisi vya nchi hii, majina ya wanamichezo walioiletea Uganda medali za dhahabu hayahitaji kuelezwa. John Akii-Bua, afisa wa polisi, alishinda mbio za mita 400 za kuruka viunzi mjini Munich mwaka 1972 kwa muda wa sekunde 47.82, muda ambao hadi siku ile haukuwa umefikiwa na binadamu yeyote. Stephen Kiprotich wa Magereza alishinda mbio za marathoni mjini London tarehe 12 Agosti 2012. Joshua Cheptegei wa Polisi alishinda mita 5,000 katika Michezo ya Tokyo iliyofanyika mwaka 2021, na mita 10,000 mjini Paris mwaka 2024. Watu hao ni fahari ya vikosi vyao na ya taifa zima, na sifa wanayopewa ni haki yao.

Walakini, katika London hiyo hiyo ya mwaka 2012, kabla Kiprotich hajakimbia mbio zake, Mganda mwingine aliingia uwanjani akiwa amevaa rangi za taifa, akacheza, akatoka bila medali. Huyo ni Edwin Ekiring, mzaliwa wa Kampala, mchezaji wa badmintoni, au mchezo wa vinyoya kama wengi wanavyouita. Haikuwa mara yake ya kwanza kufika hapo. Miaka minne kabla yake, mwaka 2008, alikuwa Beijing, na huko ndiko alikokuwa Mganda wa kwanza kabisa kucheza badmintoni katika Michezo ya Olimpiki.

Jina hilo halisikiki sana kambini. Mwenye kupenda hesabu za haraka atasema: alikwenda mara mbili, akarudi mikono mitupu mara mbili, basi kuna nini cha kuzungumza? Swali hilo linastahili kujibiwa, maana jibu lake linamhusu kila askari aliyepata kupewa kazi ambayo mwisho wake hauna gwaride wala nishani.

Kwanza yafaa kuufahamu mchezo wenyewe. Wako wanaodhani badmintoni ni mchezo wa kupunga upepo bustanini jioni. Fikra hiyo ni potofu. Kinyoya kinachochezewa katika mashindano makubwa hutengenezwa kwa manyoya 16 ya ndege, aghalabu bata bukini, yaliyochomekwa katika kizibo, na uzito wake wote ni kati ya gramu 4.74 na 5.50. Kitu hicho chepesi, kinapopigwa kwa nguvu na fundi, huondoka kwenye raketi kwa kasi inayozidi gari lolote la barabarani. Mwaka 2023, katika jaribio maalumu la kupima kasi, pigo la mchezaji wa India, Satwiksairaj Rankireddy, lilifikia kilometa 565 kwa saa. Kisha, kwa sababu ya manyoya yale, kinyoya hupungua kasi ghafula na kuanguka karibu wima. Mchezaji basi hana budi kujilinda na kitu kinachokuja kama risasi, na papo hapo kuwa tayari kukimbilia kitu kinachodondoka kama jani mbele ya wavu.

Uwanja una urefu wa mita 13.4, na wavu huugawa katika sehemu mbili zilizo sawa. Katika mchezo wa mtu mmoja kwa mmoja, kila mchezaji hulinda eneo la mita 6.7 kwa mita 5.18. Hilo ndilo lindo lake, na hana mwenzake wa kumsaidia. Hukimbia mbele, hurudi nyuma, huruka, huchutama, hunyoosha mguu mmoja mbele huku uzito wote wa mwili ukikiangukia goti, kisha husimama tena katikati akisubiri shambulio jingine. Kwa utaratibu ulioanza kutumika mwaka 2006, na uliotumika Beijing na London, mshindi ni yule anayetwaa seti mbili kati ya tatu, na kila seti huchezwa hadi pointi 21. Kila kosa ni pointi ya adui. Hakuna dakika ya kupumzika kwa kujificha.

Asili ya mchezo huu nayo yapasa kuwavutia askari. Kurushiana kinyoya ni mchezo wa kale, lakini waliousaidia kupata wavu na kanuni ni maafisa wa jeshi la Uingereza waliokuwa India katika karne ya 19, hasa katika mji wa Poona, ambao siku hizi huitwa Pune. Waliporudi kwao walirudi nao, na jina la badmintoni likatokana na Badminton House, jumba la kabaila mkuu wa Beaufort katika jimbo la Gloucestershire. Shirikisho la kimataifa la mchezo huu liliundwa mwaka 1934. Hata hivyo, ilikuwa mwaka 1992 mjini Barcelona ndipo mchezo huu ulipotolewa medali za Olimpiki kwa mara ya kwanza. Kutoka hapo hadi Ekiring alipoingia uwanjani Beijing ilikuwa miaka 16 tu.

Katika Afrika Mashariki mchezo huu uliingia pamoja na Waingereza na jamii ya Waasia. Kwa muda mrefu ulionekana kuwa mchezo wa vilabu vya watu wachache, wenye kumbi zao na fedha za kununulia vifaa. Kijana wa kawaida wa Kampala alikua akiona mpira wa miguu katika kila kiwanja cha vumbi, na ndondi katika mitaa mingi, lakini raketi na kinyoya vilikuwa nadra machoni pake. Kwa hiyo yeyote aliyetaka kuufikia mchezo huu kwa kiwango cha dunia hakuwa na barabara iliyosawazishwa mbele yake. Alikuwa akifyeka kichaka.

Sasa ielezwe jinsi mtu anavyofika Olimpiki katika mchezo huu, maana hapo ndipo ugumu mkubwa ulipo na ndipo wengi wasipopaelewa. Mkimbiaji akitimiza muda uliowekwa, hata katika mbio moja tu, amejifungulia mlango. Mchezaji wa vinyoya hana njia fupi ya namna hiyo. Mchezo huu una orodha ya ubora wa wachezaji wa dunia nzima, na orodha hiyo hujengwa kwa pointi zinazopatikana katika mashindano ya kimataifa yaliyotambuliwa. Hesabu huchukua mashindano kumi ambayo mchezaji alifanya vizuri zaidi katika majuma 52. Kwa Michezo ya Beijing na ya London, kipindi cha kukusanya pointi kilikuwa cha mwaka mmoja, kilichoishia mwishoni mwa mwezi wa Aprili wa mwaka wa Michezo yenyewe. Nafasi nyingi hugawanywa kwa kufuata orodha hiyo, na chache hutengwa ili kila bara na nchi zenye wanamichezo wachache zisikose mwakilishi.

Maana ya utaratibu huo ni nini kwa mtu wa Kampala? Maana yake ni safari. Mchezaji wa Denmark au wa Ujerumani aweza kupanda gari la moshi Ijumaa, akacheza katika nchi jirani, akarudi nyumbani Jumatatu akiwa na pointi. Mchezaji wa Uganda ana mashindano ya kimataifa yanayofanyika Kampala, na mengine ya nchi za Kiafrika kama Kenya, Mauritius na Afrika ya Kusini. Baada ya hapo hana budi kuvuka bahari. Kila safari inataka tikiti ya ndege, viza, malazi, chakula na vifaa. Akishindwa katika mchezo wa kwanza, hupata pointi kidogo mno, na gharama ni ile ile ya yule aliyefika fainali. Haba na haba hujaza kibaba, walisema wahenga. Lakini hapa kila haba ina nauli yake.

Huo ndio uliokuwa mlima mbele ya Edwin Ekiring alipofika Beijing mwezi wa Agosti 2008, akiwa na umri wa miaka 24. Safari yake katika mashindano yale iliishia katika hatua za mwanzo kabisa. Aliyetwaa dhahabu ya wanaume alikuwa Lin Dan wa China, aliyemshinda Lee Chong Wei wa Malaysia kwa seti mbili, 21 kwa 12 na 21 kwa 8. Askari wanapaswa kujua kwamba Lin Dan alikuwa askari. Aliingizwa katika kikosi cha michezo cha Jeshi la Ukombozi la Watu wa China akiwa bado mtoto, akakulia katika timu yake iitwayo Bayi, jina lenye maana ya Agosti Mosi, siku ya kuadhimisha kuundwa kwa jeshi hilo. Nyuma yake palikuwa na wakufunzi, madaktari, mabweni, kumbi, wapinzani wa kufanyia mazoezi kila asubuhi, na dola iliyoamua kwamba mchezo huu ni kazi.

Kumlinganisha Ekiring na Lin Dan kwa matokeo peke yake ni sawa na kumlinganisha mpelelezi aliyetumwa peke yake msituni na divisheni nzima yenye mizinga. Mpelelezi hatumwi kuuteka mji. Hutumwa kuiona njia, kuihakikisha kwamba inapitika, na kurudi kuwaarifu walio nyuma. Akirudi na habari hiyo, kazi yake imekamilika, na wale watakaopita baadaye watapita kwa sababu yake.

Baada ya Beijing likaja jaribio lililo kubwa kuliko mpinzani yeyote. Ekiring alipata ajali mbaya ya barabarani, akaumia. Msomaji aliyefuata maelezo ya hapo juu atafahamu maana ya ajali ya namna hiyo kwa mchezaji wa vinyoya. Mtu mwenye kazi ya mezani aweza kurudi kazini akiwa bado anachechemea. Mchezaji huyu anahitaji mwili unaoweza kuruka na kutua, kugeuka na kusimama ghafula, mamia ya mara katika mchezo mmoja. Isitoshe, orodha ya ubora haimsubiri mgonjwa. Kila juma linalopita, pointi za zamani hufutika na majina ya wengine hupanda. Aliyelala kitandani huporomoka bila kucheza.

Askari wengi wanayajua mambo hayo kwa miili yao wenyewe. Wako waliojeruhiwa kazini, wakaambiwa wapumzike, wakaona wenzao wakipanda vyeo wao wakiwa hospitalini. Wanajua kwamba maumivu ya mguu hupungua kila siku, lakini lile wazo la kwamba mambo yamekwisha ndilo linaloongezeka. Ekiring aliushinda wasiwasi huo. Alirudi katika mazoezi, akaanza tena kutafuta nafasi katika mashindano, na mwaka 2012 akafika Olimpiki kwa mara ya pili.

Mashindano ya badmintoni ya London yalifanyika katika ukumbi wa Wembley Arena. Mwaka huo utaratibu ulibadilishwa: badala ya kuanza moja kwa moja kwa mtoano, wachezaji waligawanywa kwanza katika makundi. Ekiring alicheza, na hakuvuka hatua ya makundi. Dhahabu ilimwendea tena Lin Dan, aliyemshinda tena Lee Chong Wei, safari hii kwa taabu kubwa: 15 kwa 21, 21 kwa 10, na 21 kwa 19.

Lakini katika ukumbi ule ule, juma lile lile, lilitokea jambo ambalo linatoa jibu la swali lililoulizwa mwanzoni. Katika mchezo wa wanawake wawili kwa wawili, utaratibu ule mpya wa makundi ulikuwa na tundu: jozi iliyokwisha kujihakikishia kusonga mbele ingeweza kuona faida ya kushindwa mchezo wake wa mwisho, ili ipangiwe mpinzani anayeifaa zaidi katika hatua iliyofuata. Usiku wa tarehe 31 Julai, jozi nne zilifanya hivyo mbele ya maelfu ya watu waliolipa viingilio vyao. Wachezaji walipiga kinyoya wavuni kwa makusudi. Walikipeleka nje ya mistari kama watu wasiopata kushika raketi maishani. Watazamaji wakazomea. Mwamuzi mkuu akaingia uwanjani kuwaonya, na bado hali haikubadilika. Kesho yake, tarehe 1 Agosti, shirikisho la mchezo huo liliwafukuza wachezaji wote wanane katika mashindano: jozi moja ya China, mbili za Korea ya Kusini na moja ya Indonesia. Jozi ile ya China ndiyo iliyokuwa bingwa wa dunia. Kosa waliloshtakiwa nalo lilitajwa wazi: hawakutumia juhudi zao zote kutafuta ushindi.

Tazama basi mizani ilivyo. Upande mmoja wako mabingwa wenye kila nyenzo, waliokuwa na uwezo wa kushinda, wakachagua kushindwa kwa hesabu za ujanja. Upande wa pili yuko mtu wa Kampala, aliyenusurika katika ajali, asiye na tumaini kubwa la medali, ambaye njia yote ya kufika pale ilikuwa ni kupigania pointi moja moja. Wale waliondoka Wembley kwa aibu, ijapokuwa walikuwa hodari. Yeye aliondoka bila medali, ila lindo lake hakulikimbia. Jeshi lolote linaifahamu tofauti hiyo. Askari aliyezidiwa nguvu akiwa bado anapigana huheshimiwa hata na adui. Aliyeuacha mlango wazi kwa makusudi hushtakiwa, hata kama siku hiyo hakuna aliyepita.

Na walio nyuma ya mpelelezi je, walipita? Walipita. Mwezi wa Februari 2022 mashindano ya timu za bara zima la Afrika yalifanyika Kampala, katika ukumbi wa Lugogo. Miaka miwili baadaye, Februari 2024, wanawake wa Uganda walikwenda Cairo katika mashindano hayo hayo wakarudi wakiwa mabingwa wa Afrika. Ushindi huo uliwapa tikiti ya Kombe la Uber, ambalo ni kombe la dunia la timu za wanawake, lililoshindaniwa tangu msimu wa 1956 na 1957. Lilichezwa Chengdu, nchini China, na ilikuwa mara ya kwanza kwa Uganda kushiriki. Husina Kobugabe, Fadilah Mohamed Rafi na wenzao walijikuta katika kundi moja na Japani, Indonesia na Hong Kong. Walishindwa michezo yote ya kundi lao. Hilo halipasi kufichwa. Lakini halipasi pia kuelezwa bila kutaja kwamba miaka 20 nyuma hakuna ambaye angethubutu kusema kwamba Uganda itasimama wavuni ikitazamana na Japani.

Kadhalika katika Michezo ya Olimpiki ya walemavu ya Tokyo, mwaka 2021, badmintoni ilipochezwa kwa mara ya kwanza katika historia ya michezo hiyo, Uganda ilikuwapo. Ritah Asiimwe, mwenye ulemavu wa mkono, aliiwakilisha. Kwa majeshi yenye watu waliopoteza viungo vitani na kazini, habari hiyo ni kubwa kuliko habari za michezo tu. Inaonyesha kwamba mchezo huu una madaraja yaliyopangwa kwa ajili ya wanaosimama kwa mguu mmoja, wanaotumia mkono mmoja, na wanaokaa katika viti vya magurudumu, na kwamba mlango wa kimataifa uko wazi kwao.

Lipo somo jingine ambalo viongozi wa vikosi wanapaswa kulizingatia. Akii-Bua, Kiprotich na Cheptegei walikuwa na jambo moja ambalo wengi hulisahau wanaposhangilia: walikuwa na sare. Walikuwa na mwajiri aliyewapa mshahara, akawapa muda wa mazoezi, na akawahesabu kuwa kazini hata walipokuwa wakikimbia. China ilimfanyia Lin Dan vivyo hivyo katika mchezo wa vinyoya. Mwanamichezo asiye na mwajiri wa namna hiyo hulazimika kuwa mchezaji, karani wa safari, na mwombaji wa fedha, yote kwa wakati mmoja. Nguvu anazozitumia kutafuta nauli ni nguvu ambazo mpinzani wake anazitumia uwanjani.

Badmintoni haihitaji mambo makubwa ili ianze. Bwalo lenye paa la kutosha na sakafu iliyo sawa, mistari iliyochorwa kwa urefu wa mita 13.4 na upana wa mita 6.1, wavu wa kimo cha mita moja na nusu na ushei, raketi chache, na mkufunzi mwenye subira. Mvua haiuzuii. Wanawake na wanaume wanaucheza pamoja. Humfunza askari kutazama, kukisia nia ya adui, na kusogea kabla ya kuamriwa. Kambi au chuo cha polisi chenye bwalo kina nusu ya kiwanja tayari.

Mwanzo kokochi, mwisho nazi. Hadi Michezo ya Paris ya mwaka 2024 ilipomalizika, Edwin Ekiring ndiye aliyekuwa Mganda pekee aliyepata kucheza vinyoya katika Olimpiki. Upweke huo ni heshima kwake, lakini kwa nchi ni deni. Njia iliyofyekwa na mtu mmoja huota majani tena isipopitwa na wengine. Siku atakapotokea wa pili, awe raia au awe na sare, wa kwanza atakuwa amelipwa.